Naomba ushauri: kuna kapicha ka Gustave Loiseau mnadani, nipande dau au niache?

Wakuu, habari zenu. Naishi Ufaransa, na wiki ijayo kuna mnada hapa mjini unaoninyima usingizi. Kuna picha ndogo ya rangi ya mafuta juu ya kadibodi, haizidi ukubwa wa daftari: mto, ukungu na miti mirefu ukingoni. Chini kulia kuna saini ya Gustave Loiseau (1865–1935), yule mchoraji Mfaransa aliyeanza kwenda Pont-Aven, kijiji cha wachoraji huko Brittany, mwaka 1890.

Nimeenda kuiona siku ya maonyesho. Majini, mistari ya brashi inapishana kama ukili, na ndivyo Loiseau alivyopaka miaka yake ya baadaye. Nimeipenda mno.

Kinachonitia shaka ni katalogi, imeandika "attribué à", yaani "inadhaniwa kuwa ya". Kwa amri ya Ufaransa ya mwaka 1981, hapo muuzaji anahakikisha tu kwamba kazi ni ya enzi za mchoraji na kuna dalili nzito kuwa ni yake. Hakuna hakikisho kwamba ni yake kweli. Tena pembe moja ya anga inang'aa tofauti, nahisi imepakwa upya. Cheti cha kuthibitisha ni ya Loiseau hakuna.

Juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho linaloshinda, kuna kamisheni ya asilimia 28, kwa hiyo euro 2,000 inakuwa 2,560.

Wenye uzoefu, nikiomba ripoti ya hali ya picha niulize nini hasa? Nilipe mtaalamu kabla ya mnada? Na kwa picha isiyo na cheti, nyie mngeishia dau gani?