Mrejesho: Takwimu za mgawanyo wa kipato nimezipata

Wakuu, nimerudi. Niliuliza wapi pa kupata takwimu za kina za mgawanyo wa kipato cha Watanzania, siyo ule wastani wa taifa tu. Aliyenielekeza kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), Mungu akubariki sana.

Nimeshinda na ripoti ya 2017/18 ya Tanzania Bara. Kilichonifungua macho ni kwamba umaskini unapimwa kwa matumizi, siyo kipato, na sasa naelewa kwa nini. Mama muuza maandazi hawezi kukutajia mapato yake ya mwezi, ila unga, mafuta na nauli ya leo anavikumbuka vyote. Ndiyo maana kaya huandika matumizi yao kila siku. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 waliishi chini yake. Hiyo namba imeniuma. Gini, yaani kipimo cha pengo kati ya walio nacho na wasio nacho (0 ni usawa kamili, 1 ni mmoja kuchukua vyote), ilikuwa 0.38.

Mishahara nimeikuta kwenye Utafiti wa Nguvukazi wa 2020/21. Sasa nataka data ghafi za kaya nichambue mwenyewe, maombi nimeshatuma.