Naomba ushauri: mashine yangu ya kupukuchua mahindi, niisajili au niuze mchoro?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Katwe, Kampala, nachomelea vyuma. Kabla ya hapo nimekuwa utingo wa malori ya Busia, mpaka rangi, muuza mitumba Owino, hata bodaboda. Kiroho nako nimezunguka: nimelelewa Mkatoliki, Juni 3 tunatembea hadi Namugongo kuhiji kwa Mashahidi wa Uganda, baadaye nikakaa na masheikh, na siku hizi napenda utulivu wa hekalu la Wabahai pale Kikaaya. (Mama hataki kusikia, tuyaache hayo.)

Sasa nimeunda mashine kwa baiskeli kuukuu. Ukikanyaga pedali, mnyororo unazungusha pipa lenye meno ya nondo. Magunzi yanatokea ubavuni, punje zinashuka kwenye gunia. Haili umeme wala petroli. Ila mahindi yasipokauka vizuri punje zinavunjika. Nadhani meno yamekaribiana mno. Aliyewahi kuunda kitu kama hiki anisahihishe.

Kubwa zaidi, kuna mfanyabiashara anataka mchoro wote kwa pesa ya mkupuo, na mkataba anasema "tutaandika baadaye". Mimi hapo nanusa wizi. Najua URSB, ofisi ya serikali ya usajili hapa Uganda, ndio wanaosajili hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), na uvumbuzi ukishawekwa hadharani unaweza kukataliwa kwamba si mpya tena, ndiyo maana siweki picha.

Mliopitia njia hiyo: wakili ni lazima? Kitu kilichoundwa kwa vipande vya baiskeli kinakubalika? Au nimuuzie tu nilipe kodi ya kibanda, maana mwenye nyumba keshaanza kununa?