Msaada wa kuchagua: wafanyakazi waingie kompyuta za ofisi wakiwa nyumbani. VPN, AnyDesk au seva moja?

Karani_Mkuu
Habari zenu wakuu. Ofisi yetu ni ndogo, na bosi amenikabidhi kazi ya kutafuta njia ya watu kuingia kwenye kompyuta zao za ofisini wakiwa nyumbani. Nimeona njia tatu: kufungua Remote Desktop ya Windows, kulipia AnyDesk au TeamViewer (programu za kuendesha kompyuta ukiwa mbali), au kununua seva moja wote waingie humo. Ijumaa anataka jibu. Ipi bora? Natanguliza shukrani.

waya_mwekundu
Mkuu, maelezo hayatoshi. Mko wangapi? Wanaingia wote kwa wakati mmoja? Windows ni Home au Pro? Wanafanya kazi za Excel tu, au kuna programu ya uhasibu yenye data ya pamoja? Ruta yenu ina IP ya umma, yaani anwani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti? Usipojibu hayo, kila mtu atakutajia anachotumia kwake.

Dada_Seva
Jibu la Windows kwanza. Home haipokei Remote Desktop, inaweza tu kuunganisha kwenda kompyuta nyingine. Pro inapokea, lakini mtu mmoja kwa wakati. Akiingia wa mbali, aliyekaa mbele ya skrini inamfungia.

Nodi7
WireGuard, basi, ni programu ya VPN, yaani njia iliyofungwa ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Iliingia kwenye kernel (kiini) ya Linux toleo la 5.6 mwaka 2020, ni nyepesi, na kila mtu anapewa ufunguo wake. Ukishaunganisha VPN unaita kompyuta yako kwa Remote Desktop kama vile uko ofisini. Mimi nimeiweka sehemu nne na sijawahi kurudi kuitengeneza.

Karani_Mkuu
Asanteni. Tuko saba, ila kompyuta ni tano. Mbili nilizoangalia ni Pro, ya kwangu ni Home, zilizobaki sijaangalia. Uhasibu tunao, data yake iko kwenye kompyuta ya mhasibu na sisi wengine tunaifungua kupitia folda ya pamoja. Hilo la IP sijalielewa.

waya_mwekundu
Ingia kwenye ruta, tafuta anwani ya WAN, ile ya upande wa intaneti. Halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikilingana, mnayo IP ya umma. Zikitofautiana, hasa hiyo ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hata ufungue poti (mlango wa kupokea miunganisho) kwenye ruta hakuna kitakachofika kwako kutoka nje. Hapo WireGuard ya kawaida haitapokea mtu, labda utumie Tailscale, ambayo ndani ni WireGuard hiyohiyo lakini inajua kupenya hali hiyo.

Na kuhusu uhasibu: usije ukawafungulia watu ile folda kupitia VPN. Programu za aina hiyo zinasoma na kuandika faili la data vipande vidogovidogo mfululizo. Kwenye waya wa ofisini huoni tatizo. Kupitia intaneti ya nyumbani inakuwa nzito, na muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Programu na data vikae pamoja ofisini, kinachosafiri kiwe picha ya skrini tu.

Juma_Kibodi
Mbona mnampa kazi kubwa hivyo? Fungua poti kwenye ruta, badilisha ile 3389 ya Remote Desktop iwe namba nyingine, weka nenosiri refu, kazi imeisha. Mimi natumia hivyo miaka mitatu sasa.

Hesabu_Safi
Ndugu Juma, naomba nikueleze yaliyotukuta, na mwenye mada asome pia.

Tulikuwa watu sita. Aliyetuwekea mfumo alifungua poti kwenye ruta moja kwa moja hadi kwenye kompyuta ya uhasibu, na namba aliibadilisha kama unavyosema. Tulifanya kazi hivyo karibu mwaka mzima na tulifurahi sana. Jumatatu moja nimefika wa kwanza, nikawasha skrini, nikaona picha ya nyuma imebadilika kuwa nyeusi. Faili zote zilikuwa na herufi za ajabu zimeongezwa mwishoni mwa jina, na kila folda ina faili jipya la maandishi linaloeleza namna ya kulipa. Nikafungua ankara ya mteja wa Ijumaa, haikufunguka. Nikajaribu ya mwezi uliopita, vilevile. Nilibaki nimeshika kipanya nikifungua moja baada ya nyingine, nikitumaini kuna iliyosalimika.

Bakapu tulikuwa nayo, diski ya nje. Lakini ilichomekwa kwenye kompyuta ileile siku zote, kwa hiyo nayo ilifungwa pamoja na zingine. Baadaye tulipitia kumbukumbu za Windows, zile za tukio namba 4625 (kuingia kulikoshindwa), tukakuta maelfu ya majaribio ya kuingia, usiku na mchana, kwa majina kama admin, user, scan. Lililofaulu lilikuwa la akaunti ya mtu aliyeshaacha kazi. Hakuna aliyekumbuka kuifuta, na nenosiri lake lilikuwa jina lake na mwaka.

Hatukulipa. Tuliingiza upya hesabu za miezi minne kutoka kwenye karatasi, mimi na mwenzangu mmoja. Kwa hiyo akaunti za walioondoka zifuteni siku ileile, na diski ya bakapu ichomolewe ikimaliza.

Juma_Kibodi
Pole sana dada. Ila hapo tatizo lilikuwa nenosiri, siyo poti.

Nodi7
Yote mawili. Namba ya poti haifichi kitu, mashine zinazopekua intaneti zinapita poti zote na RDP, yaani Remote Desktop, inajitambulisha yenyewe ikiguswa. Na kuna siku nenosiri halina maana: ule udhaifu wa Remote Desktop ulioitwa BlueKeep, wa Mei 2019, uliruhusu kuvamia kompyuta zisizokuwa na masahihisho bila kuingia na akaunti yoyote.

Juma_Kibodi
BlueKeep iligusa Windows za zamani, 7 kurudi nyuma. Haikugusa 10.

Nodi7
Kweli haikugusa 10. Lakini wenye 7 nao walidhani wako salama hadi siku ilipotangazwa.

Bwana_Skrini
Kuna njia ya bure ya kufanya Pro ipokee watu wengi kwa pamoja. Kuna programu inayozunguka kile kizuizi cha mtu mmoja. Kompyuta moja yenye nguvu, watu saba.

Dada_Seva
Kaka, hiyo inavunja leseni, na kila Windows inapojisasisha huenda ikaacha kufanya kazi, mara nyingi asubuhi watu wanapotaka kuanza. Biashara ya watu haijengwi hapo.

Seva halali ni hivi: Windows Server inaruhusu miunganisho miwili ya wasimamizi tu. Watu saba wanahitaji huduma ya RDS (Remote Desktop ya watu wengi kwa pamoja) na leseni za RDS kwa kila mtumiaji au kila kifaa, juu ya leseni za kawaida za seva yenyewe. Unapewa siku 120 za kuanzia bila leseni za RDS, ndiyo maana wengi wanaona imefanya kazi vizuri kisha mwezi wa tano watu hawaingii. Uliza pia kuhusu Office, siyo kila leseni ya Microsoft 365 inakubali kompyuta inayotumiwa na wengi. Ni gharama, lakini kwa watu saba na kompyuta tano ndiyo inayolingana na hesabu yao.

waya_mwekundu
Sikubaliani. Wakijigawa zamu, kompyuta tano za Pro pamoja na VPN zinatosha. Seva inataka mtu wa kuitunza, na hatujaambiwa kama wanaye.

Bwana_Skrini
AnyDesk ya bure je?

Dada_Seva
Ya bure ni kwa matumizi binafsi. Ofisi inatakiwa kulipia, TeamViewer vilevile. Wakitaka ya kuweka kwenye mashine yao wenyewe, RustDesk ipo.

Hesabu_Safi
Mkuu Karani, swali ambalo hakuna aliyeuliza: jioni kompyuta mnazizima?

Karani_Mkuu
Tunazima zote, na mfanya usafi anazima swichi za ukutani kabisa. Hilo sikuwa nimelifikiria.

waya_mwekundu
Basi wa nyumbani hataingia popote. Kuna kuamsha kompyuta kwa mtandao, Wake-on-LAN, ila kebo ya umeme lazima iwe na moto, na ile ishara itumwe na kifaa kilicho ndani ya mtandao wa ofisi, mfano ruta inayoweza kazi hiyo. Kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) weka pia kompyuta ijiwashe yenyewe umeme ukirudi.

Nodi7
Na utumie waya, siyo Wi-Fi. Kuamsha kwa Wi-Fi kunasumbua.

Karani_Mkuu
Leo nimeangalia ruta: WAN inaanza na 100.72, tovuti inaonyesha nyingine kabisa. Na kompyuta ya mhasibu, yenye data yote, ni Home. Nitamwomba bosi aniongezee muda. Kabla sijaenda, mtu akiingia kwa Remote Desktop akachapisha, karatasi inatoka ofisini au nyumbani kwake?

Bwana_Skrini
Inategemea printa gani.