Mtutu wa Kifaransa, kigari cha Kijerumani: huu ni mzinga gani?

MtazamaPicha: Wakuu, nina picha ya Vita vya Pili vya Dunia, mzinga uko kwenye theluji. Ngao na magurudumu ni ya Pak 38 (Pak ni mzinga wa Kijerumani wa kupiga vifaru), ila mtutu ni mnene kuliko wa milimita 50, na mdomoni kuna bomba lenye matundu mengi ya duara. Nyuma ya picha wameandika "Pak 40". Sikubaliani. Nianzie wapi?

Bamba75: Anzia mdomoni, mkuu. Breki ya mdomoni, inayopunguza mshindo wa mtutu kurudi nyuma, kwa Pak 38 na Pak 40 ina vyumba viwili vyenye mianya mipana ubavuni. Bomba la matundu ni la Pak 97/38: mtutu wa mzinga wa Kifaransa wa milimita 75, modeli 1897, uliopachikwa kwenye kigari cha Pak 38. Hakikisha kwa kutazama nyuma kidogo ya breki, chini ya mtutu. Utaona nundu. Ndani yake mna vigurudumu vinavyoushika mtutu kwenye reli unaporudi nyuma zaidi ya mita moja. Pak 38 na Pak 40 hazina nundu hiyo. Kitako cha mtutu nacho ni cha duara, kifungio chake huzungushwa kwa mkono. Pak 38 ina kabari inayoteleza kwa ubavu.

Wajerumani waliifanya kazi hiyo mwaka 1942 kwa sababu vifaru vya Kisovieti, T-34 na KV, viliwashinda, na mizinga ya 75 waliyoteka Poland na Ufaransa ilikuwa tele. Kigari cha asili kilikuwa na mkia mmoja, kikigeuka nyuzi 6 tu kwa jumla, kulia hadi kushoto, hakiwezi kufuata kifaru. Breki iliongezwa kwa kuwa kigari cha milimita 50 hakikuumbwa kwa mshindo ule, na hata hivyo mzinga uliruka ukifyatuliwa.

Kitako: Naongeza. Ngao ya Pak 38 imepinda kama mgongo wa kobe. Ukiona mabamba bapa yaliyokunjwa kwa pembe, kigari ni cha Pak 40, na huo ni Pak 97/40, adimu sana. Mkia mmoja na magurudumu ya mbao ni mzinga wa asili, ambao Wajerumani waliuita FK 231(f) kama ulitekwa Ufaransa, FK 97(p) kama ulitoka Poland. Mikia miwili bila breki usikimbilie kuiita Pak. Wafaransa wenyewe walikuwa na modeli 1897/33.

Kagua pia kama picha imegeuzwa. Darubini ya kulengea hukaa kushoto, ukiwa nyuma ya mzinga.

MtazamaPicha: Nundu ipo, ngao imepinda, darubini kushoto. Basi ni 97/38. Naweza kuandika "askari wa Kijerumani"?

Bamba75: Bado. Finland ilinunua 46 mwaka 1943, ikaziita 75 PstK/97-38, na askari wake wengi walivaa helmeti za Kijerumani. Tazama kola na beji za kofia kwanza.