Kranki ya Land Rover Series III: beringi za stendadi au za 020?

Mwenye Series, Area C

Habari za jioni, wakuu. Ninaunda upya injini ya petroli ya lita 2.25, ile ya zamani yenye meni tatu, yaani beringi kuu tatu zinazobeba kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Beringi tulizozitoa zimegongwa namba 020 mgongoni, ilhali mpya zilizotoka Gerezani, Dar es Salaam, ni za stendadi, yaani za kranki ambayo haijachongwa. Fundi anashauri tuzifunge hizo hizo na kuweka karatasi ya sigara nyuma yake ili zibane. Je, inafaa?

Fundi wa Kizota

Ndugu, haifai kabisa. Namba hiyo inaonyesha kwamba kranki ilikwisha kuchongwa inchi 0.020, yaani nusu milimita, na ukiifunga na beringi za stendadi, oili itavuja pembeni mwa beringi, presha itashuka na injini itaanza kugonga kabla hujafika Chamwino. Karatasi haikusaidii, kwa sababu beringi hutoa joto lake kwa kugusana moja kwa moja na bloku, na karatasi hiyo hiyo inaweza kuziba tundu la oili. Pima kwanza kwa maikromita kila shingo ya kranki, yaani sehemu inayozunguka ndani ya beringi, tena kwa pande mbili zinazokingamana, kwa kuwa shingo huliwa upande mmoja. Ikiwa bado ni duara na haina mikwaruzo inayonasa ukucha, nunua 020 mpya. Ikiwa imeliwa, ichongwe hadi 030 kisha ndipo ununue beringi.

Mstaafu wa karakana

Naunga mkono, ila hapa Dodoma vumbi ndilo linalonitia hofu zaidi. Kranki ikitoka kuchongwa, zisugue njia zake za oili kwa brashi na kuzipuliza, maana unga wa jiwe hubaki humo. Mgongo wa beringi ubaki mkavu. Oili hupakwa upande unaotazama kranki tu. Kila kifuniko cha beringi kirudi mahali pake kwa namba yake, na asitokee mtu wa kukipiga tupa. Ukikaza kimoja kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), zungusha kranki kwa mkono kabla ya kwenda kingine.

Mwenye Series, Area C

Nashukuru sana. Na thrasti, zile washa zinazozuia kranki isisogee mbele na nyuma, je?

Fundi wa Kizota

Isukume kranki mbele na nyuma kwa bisibisi, upime mchezo wake: kwa injini hiyo ni inchi 0.002 hadi 0.006. Mchezo ukizidi hapo, weka thrasti nene zaidi.