Wahadhiri wetu hapa Dodoma, fanyeni siasa zenu ila mtuachie kozi weki zetu na usalama wetu

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za usiku. Nimevumilia muhula mzima, leo naandika.

Nasoma mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, jina naliacha maana bado nina mitihani. Tuna wahadhiri wawili ambao vyama vyao kila mtu anavijua. Hilo sina shida nalo hata kidogo. Katiba ya 1977, ibara ya 18 na ya 20, inampa kila mtu uhuru wa kusema na wa kujumuika na wenzake. Mhadhiri akitoka kazini akapanda jukwaani, nitamtetea.

Ila wiki iliyopita mmoja wao kala nusu ya kipindi cha takwimu anamwaga sera, mwisho akasema Jumamosi kuna mkutano na karatasi ya mahudhurio itapita hukohuko. Karatasi ya mahudhurio, kwenye mkutano wa chama! Mahudhurio kwetu yana alama kwenye kozi weki, zile alama za muhula kabla ya mtihani. Wewe ambaye una sapu tayari, yaani mtihani wa kurudia, na ukidisko, yaani ukiondolewa chuo kwa kufeli, bumu la mkopo ndiyo basi, utakataa kwa ubavu gani? Watu wakaenda. Yule wa upande wa pili aliposikia, kipindi chake chote akawaita vibaraka, hadi wanafunzi wakakunjana mashati mlemle darasani.

Kinachoniuma zaidi ni cha Jumatatu usiku. Gari lisilo na namba lilisimama nje ya hosteli ya wasichana, wakashuka wanaume watatu, wakaanza kuuliza majina ya walioonekana kwenye picha za mkutano. Mlinzi ni mmoja, mzee wa watu, ana rungu na tochi ya simu. Taa za njia ya kutoka maktaba zimekufa miezi sasa, na pembeni ni korongo. Rafiki yangu kahamia kwa shangazi yake Nkuhungu, hela ya kula inaishia kwenye bodaboda. Wahadhiri wote wawili wanalala kwao, ndani ya geti.

Msiniambie siasa vyuoni hazikuanza leo, najua. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Wale waliamua wenyewe. Sisi tumeswagwa kwa karatasi ya mahudhurio.

Na baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, intaneti ilipozimwa, mama yangu kule Kondoa alikuwa halali, hajui niko wapi. Sitaki apitie tena hayo kwa sababu ya mkutano ambao sikuuchagua.

Tumempelekea barua mshauri wa wanafunzi. Jibu: "linashughulikiwa". Tulichoomba ni alama za Jumamosi ile zifutwe, taa ziwashwe, walinzi waongezwe usiku.

Kama kuna mwanasheria humu, nisaidie: tukitaka kulipeleka hili juu ya chuo bila majina yetu kuanikwa, tunaanzia wapi?