McLeod Ganj kwa siku mbili: nianzie wapi?

Swali (Bukavu): Ndugu zangu, ninasoma Delhi, na mwezi wa kumi nitapanda hadi McLeod Ganj, mji mdogo wa milimani juu ya Dharamshala, kaskazini mwa India. Milima hainitishi, kwa kuwa nimekulia kwenye miteremko ya Kadutu. Nauliza tu nitazame nini kwanza.

Jibu (Lubumbashi): Kaka, anzia Tsuglagkhang, hekalu linalotazamana na makazi ya Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Wabuddha wa Tibet, aliyekimbia Tibet mwaka 1959. Kabla ya kuingia, fuata njia ya msituni inayozunguka kilima, ukiliacha hekalu mkono wako wa kulia kama wafanyavyo mahujaji, na uzungushe magurudumu ya sala, yaani mapipa yenye maneno ya sala, bila haraka.

Jibu (Goma): Mimi ningetenga asubuhi nzima kwa kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yohana, lililojengwa mwaka 1852 katikati ya mierezi. Tetemeko la mwaka 1905 liliangusha mnara wake wa kengele, lakini kuta zikabaki zimesimama. Sisi tunaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo hatuwezi kupita mahali kama hapo bila kunyamaza kidogo.

Swali (Bukavu): Na Bhagsunag?

Jibu (Lubumbashi): Ni hekalu la Shiva, karibu kilomita mbili kwa miguu. Vua viatu.